Jino la Mbele la Gloria

Jumatatu, 2 Juni 2025
Jino la mbele la Gloria limeng'oka! Katikati ya kula kande, nusura alimeze. Miaka sita, na anatamba na pengo mtaa mzima. Nimefurahi — halafu hofu ikaniingia. Lile la utoto lilikuwa jeupe. Hili linalokuja je? Alipoachishwa ziwa nilimpeleka kijijini Kimali, Meatu, kwa mama yangu, kama ilivyo kwetu. Akakaa huko mpaka miaka minne, anakunywa maji ya kisima kile kile kilichonipa mimi meno ya kahawia.

Jumatano, 4 Juni
Kikao cha wazazi shuleni. Daktari wa meno kaja kutueleza habari za floraidi. Ni madini ya kwenye maji. Kidogo hukaza meno, ikizidi huyatia rangi, hata mifupa huiharibu. Kwetu Meatu kuna visima imezidi. Eti nchi nyingine wanaitia kwenye maji ya bomba kwa makusudi, na sasa wanagombana: waendelee au waache? Wanaitia! Nilicheka — kiganja kikawahi mdomoni kama kawaida yangu.

Nikamuuliza kuhusu Gloria. Anasema rangi ya jino la mbele huamuliwa mtoto angali mdogo. Kwa hiyo limo humo ndani na rangi yake tayari. Sijui kwa nini niliuliza.

Jumamosi, 7 Juni
Zamda wa duka la vitenge kaja barazani ninaposhonea kufuata gauni lake, nikamsimulia ya kikao. Anasema, mama Gloria, wapelekeeni hao wanaoitia madumu ya maji ya Kimali, mtatajirika! Mume wangu Machibya akadakia: hata hapa Bariadi wangetia kidogo, yeye asingeng'olewa magego matatu. Meno meupe pee, lakini mahindi ya kuchoma anayatazama tu! Mimi uzi nakata kwa meno. Nikamuuliza, sasa mwenye meno ni nani hapa? Akasema ni mimi, na ndiyo aliyonipendea. Muongo mkubwa! Nilikuwa na raha mpaka nikapinda suruali ya mtu vibaya.

Jumapili, 8 Juni
Mama kapiga simu, kanisalimu kwa Kisukuma chetu. "Mwangaluka, mayu!" Pamba imekubali, anamtaka mjukuu likizo hii. Nikamweleza habari za maji. Akasema: maji yamekulea wewe, leo yamekuwa mabaya? Nikasema mtoto atakuja na madumu yake. Akacheka. Hata aje na ziwa zima, mradi aje.

Jumanne, 10 Juni
Limechomoza! Najua kwa sababu tangu asubuhi Gloria amefumba mdomo. Uji kaunywa kwa kugeukia ukutani. Barazani Zamda yupo, na wateja wawili wamekuja kupima. Nikamwita, fungua nione, mwanangu. Akatikisa kichwa. Halafu akacheka — akaziba mdomo kwa kiganja. Vile vile! Bega juu, kidole kidogo kimenyooka. Mimi kabisa!

Zamda kavunjika mbavu. Mimi moyo ulinichoma. Tabia hii hakuipata kisimani, kaipata kwangu.

Nikaweka mkasi chini. Gloria kanitazama, mkono bado mdomoni: "Wewe kwanza."

Mbele ya wateja! Haya. Mikono nikaikalia, nikacheka mdomo wazi, yote nje, mpaka magego. Mteja mmoja naye akacheka.

Gloria anayatazama meno yangu, moja moja. Sasa anaanza kuushusha mkono.