Kwa Nicanor Ogweno, Aliyetambua Besi kwa Kidole Gumba

Mwaka umetimia, Nicanor, tangu tukulaze hapa nyumbani Kosele, Aprili ya 1967, mvua ikitunyeshea sisi na jeneza. Tulikusudia kukuandikia gazetini maneno matamu tu, kama watu wanavyowaandikia wapendwa wao. Mengine yalijitokeza tukiwa tumekaa kuandika, na hatuwezi kuyaficha.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Hukumpita mtu njiani bila kumsalimu hata uwe umechelewa, na kuchelewa ndiyo ilikuwa kawaida yako. Mama Jedidah, Msabato kamili, hajawahi kukanyaga dansini, lakini Jumamosi jua likishazama yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza shati lako la bendi liko wapi. Mkeo Phelesia hukumpandishia sauti hata siku moja. Ulisema kupandisha sauti ni kazi ya mdogo wako Elkanah, maana yeye ndiye mwimbaji.

Na besi, jamani. Bendi yenu ilikuwa na magitaa mawili ya besi, yote ya Kimarekani, yote mekundu, na sisi wengine tuliyaona mapacha. Ulitucheka. Lako, ulilolinunua Nairobi kwa mwanamuziki wa hotelini aliyekuwa akirudi kwao, lilikuwa na shingo pana, nene, ya kujaza kiganja. Nyuzi zake hukuzibadilisha miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ulizipenda zikiwa zimechoka. Sauti yake ilikuwa nzito na ya mviringo, mtu anaisikia tumboni kwanza. Lile la pili lilikuwa jembamba shingoni, vidole vinakimbia juu yake vyenyewe, na sauti yake kali, kila noti imesimama peke yake. Hukulidharau. Ulisema hilo ni la mtu mwenye haraka ya kusema, na lako ni la mtu wa kuitikia.

Ukitaka kuyapima hukuwasha spika. Uliegemeza kichwa cha gitaa mlangoni, ukabana taya kwenye ubao wake, ukagonga uzi mnene kwa kidole gumba. Ulisema umeme hupamba. Wenzako wa bendi walikufunga macho kwa leso ya Phelesia wakakupa hili, wakakupa lile, nawe hukukosea. Elkanah alikuwepo, akicheka kuliko wote, ndiyo maana tunashangaa baadaye alilisahauje jambo hilo.

Kisha sukari ikakulaza. Ilianza na miguu ikamaliza na macho. Ulimwita Elkanah ukamkabidhi besi yako, ukamwomba isishikwe na mtu mwingine mpaka uinuke au ufe. Aliitikia. Lakini bendi ikaalikwa dansi kubwa Migori, na mpiga besi aliyepatikana huko, Werema, kijana mwema tu, hakulipenda lile jembamba. Elkanah akampa lako. Alijiambia ni siku chache, na mgonjwa hatajua. Elkanah akatangulia kurudi nyumbani, mvua ikakata barabara, gitaa likabaki Migori kwa Werema.

Jumapili moja ukamtuma Phelesia amwite mdogo wako. Ulitaka kuishika besi yako. Elkanah alikwenda akasimama nyuma ya nyumba. Akafikiri: macho hayaoni, spika hakuna, na bila spika besi zote ni ubao na waya. Ndivyo waimbaji wanavyofikiri. Akaingia na lile jembamba, akaliweka kifuani pako, akakwambia hii hapa, nimekuletea.

Ulipitisha kidole gumba shingoni mwa gitaa, taratibu, toka juu hadi chini. Ukagonga uzi mmoja. "Ahsante, omera, ndugu yangu," ukamwambia. "Umeitunza vizuri." Wiki hiyo hiyo ukatuacha.

Mazishini Elkanah alisimama mbele ya watu akasema kaka yake ameondoka akiwa ameiaga besi yake. Watu walilia. Sisi tukayachukua maneno hayo tukayatembeza sokoni, tukayafikisha Homa Bay mpaka visiwani, maana yalitufariji. Na juzi, tulipokaa kuandika kumbukumbu hii, Elkanah mwenyewe alitaka yatangulie mbele ya mengine yote.

Phelesia alikuwa akichambua dagaa wa omena. Akaweka ungo chini.

"Hilo tusiandike, shemeji," alisema. "Alijua."

Akatueleza kwamba Elkanah alipotoka, ulimkabidhi yeye Phelesia lile gitaa ukamwambia si lako. Alipotaka kumfuata mdogo wako amuulize, ulimshika nguo. Ulimwambia, "Mwache. Akijua nimejua ataona aibu, na mimi sitakuwepo kumwondolea." Phelesia alisema amenyamaza mwaka mzima kama ulivyotaka, lakini kuuchapisha uongo gazetini hawezi.

Elkanah hakukana. Alijifunika uso kwa kofia, na yaliyobaki aliyasema kwa sauti ndogo hata ikabidi tumsogelee. Alisema mwaka wote huu alijisifu moyoni kwamba alikudanganya kwa wema. Kumbe mwenye wema ulikuwa wewe, tena ukiwa kitandani pa kufa, na sasa hana pa kuuweka uso wake.

Wala aibu hii si yake peke yake. Matanga yalipokwisha tuliliona gitaa lako, lile la shingo nene na nyuzi kuukuu, likishushwa kwenye basi lililotoka Migori, sote, mchana kweupe. Hakuna aliyeuliza lilikuwa limekwendaje huko ikiwa uliliaga hapa. Tulinyamaza kwa sababu hadithi ilikuwa tamu, na mtu hapendi kujiharibia utamu.

Elkanah aliomba jina lake lisiandikwe hapa chini. Mama Jedidah akakataa. Alisema mwenye haki ya kulifuta alikuwa Nicanor, naye hakulifuta.

Basi wanaokukumbuka ni mama yako Jedidah, mkeo Phelesia, watoto wako Rispa na Javan, mdogo wako Elkanah, na wote wa ukoo wa Ogweno.

Waliosikia kwetu kwamba uliiaga besi yako, wajue hukuiaga. Uliitaka, na sisi ndio tuliokunyima. Tutakukumbuka siku zote, Nicanor.