Namba Nane Limewaka

Jumanne, Newala

Mjinga ni mimi, wala si yule mnunuzi. Kampuni yetu ya malori imefungwa, eti soko huria, na leo mnunuzi kaja kuchukua Namba Nane, lori nililoendesha miaka yote nikipeleka korosho Masasi na kurudi na mapipa ya maji ya mtaa wetu.

Niliapa sitamsaidia. Lakini dereva wake alivyokuwa akipiga stata hovyo! Nikashindwa kuvumilia. Nikafungua boneti, nikapampu dizeli kwa mkono, likawaka papo hapo.

"Asante, Baba Sofia," mnunuzi akacheka. "Tulitaka kulikatakata hapa hapa tuuze vyuma. Sasa litajipeleka lenyewe kwenye vyuma chakavu."

Ningemzaba kofi.

Likapita mtaani kwetu likinguruma. Akina mama wakausikia mlio wake, wakatoka mbio na ndoo.