Kiboko Hakina Umri

Jumatano, 2 Agosti

Leo nimelitikisa Bunge. Sijisifu — ukweli hausifiwi, unasemwa tu. Nilivaa suti ya kijivu, ile niliyoshonewa Shanghai tulipokwenda na kamati ya mifugo. Nikasimama, nikasema: sheria inamkataza chifu kumchapa mwanamume aliyepita miaka arobaini. Kwani ukifika arobaini na moja makalio yanageuka chuma? Walicheka mpaka wapinzani. Spika alijikohoza, lakini nilimwona.

Hoja nimeipa jina mwenyewe: Kiboko Hakina Umri. Kura ni tarehe 15.

Mwanasheria mmoja, miwani mikubwa kuliko uso, akauliza kwa nini mtu mzima asitozwe faini tu. Nikamjibu: "Anayelipa faini ananunua adabu dukani. Adabu hainunuliwi, mheshimiwa. Adabu inachapwa!" Meza zikapigwa! Mimi wa darasa la saba, niliyejifunza kusoma kwa mabango ya hatari chini ya migodi ya Johannesburg, nimemfundisha wakili kazi.

Redio imerudia jioni mara mbili. Nimesikiliza zote mbili.

Jumamosi, 5 Agosti

Msiba wa Kabelo, mchimba visima wetu hapa Sekgwaneng. Mtu mwema. Nusu ya kijiji inakunywa maji ya mikono yake. Ng'ombe wa msiba nilitoa mimi — yule mwekundu mwenye pembe moja, mnene, nilimpenda. Sikutaka itangazwe. (Ilitangazwa. Sikukataa.)

Tulizika alfajiri, upepo wa Agosti unakata masikio. Koti langu nikamvisha mjane, nikabaki na shati natetemeka kama kifaranga. Tangu jana mchana sijala. Tukarudi, na pale kwenye moto wa wanaume sufuria la matumbo limeiva, harufu inaita majina ya watu. Langu ilikuwa inaliita kwa sauti.

Nikachota. Kidogo tu. Bakuli moja. Basi, mbili.

Mzee Modisaotsile, mjomba wa marehemu, miaka themanini na moja, fimbo mkononi, akasema taratibu: "Mbunge, tangu lini mgeni anakula kabla ya wajomba?"

Ningeweka bakuli chini tungekuwa tumemaliza. Lakini watu walikuwa wanatazama, na yule Thuso alikuwa anatabasamu — kijana wa suruali za kubana anayetaka kiti changu kura za maoni za Septemba. Nikasema: "Mzee, ng'ombe ni wangu."

Akasema: "Ng'ombe akishaingia msibani hana mwenyewe. Baba yako hakukwambia?"

Baba yangu! Hapo nikamwambia kichwa chake kinafanana na matako ya mbuzi aliyekosa malisho.

Sentensi nzuri, nakiri. Mahali pabaya. Hata moto uliacha kulia. Mzee alikaa chini, akaondoa kofia, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, kama anayehakikisha bado kipo.

Nimerudi nyumbani na bakuli moja na nusu tumboni.

Jumapili, 6 Agosti

Kanisani mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Bahati tu, nadhani. Mke wangu hadhani.

Jumanne, 8 Agosti

Askari wa chifu kaja na karatasi. Lugha ya matusi kwa mzee, msibani. Nifike kgotla, baraza letu, Ijumaa saa tatu asubuhi. Nikamwambia: unajua unampa nani karatasi hii? Akasema kwa heshima: "Najua, Rra. Ndiyo maana nimevaa viatu vipya." Nikacheka, nikampa chai. Ni mtu mzuri. Alikunywa vikombe vitatu na karatasi hakuondoka nayo.

Chifu ni Oratile, mwanamke. Miaka minane iliyopita, baba yake alipofariki, nilisimama hapo hapo barazani nikasema kiti cha chifu kinataka suruali. Wakamsimika. Hajanikumbusha hata siku moja. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 9 Agosti

Katibu wa chama kapiga simu kutoka Gaborone. Anasema sheria inanilinda, nina miaka hamsini na minane, chifu hawezi kunigusa. Nikiri kosa, nitoe ng'ombe wa faini, nirudi kupiga kura yangu, yaishe kimya.

Nikasema sawa, katibu. Ushauri wa mtu msomi.

Nikatoka kwenda kununua tumbaku. Kina mama watatu wamekaa nje ya duka wanatwanga mtama. Wakanisalimia vizuri, Mheshimiwa huku, Mheshimiwa kule. Nilipogeuka, mmoja akauliza eti dukani siku hizi adabu ni bei gani kwa kilo. Mwenzake akasema mpaka uwe na ng'ombe. Wakatwanga kwa nguvu ili wasicheke.

Redio hii! Nani aliwaambia warudie mara mbili?

Alhamisi, 10 Agosti

Nimemuuliza mke wangu, Mma-Gofaone. Nikamwambia: nikilipa faini, hoja imekufa na kiti kimekwenda, Thuso hahitaji hata kubandika picha. Nisipolipa, nikachagua kiboko, nitalazwa kifudifudi mbele ya watu walionipigia kura mara tatu. Niambie, mama watoto.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Miaka thelathini na moja nimeyaona hayo makalio, Ramotlhabi. Hayajawahi kuwa na siasa. Mimi nauliza kitu kingine. Mzee umekwenda kumwomba radhi?"

Nikasema kesho, barazani, hadharani, nimeandaa hotuba.

"Sikuuliza hotuba."

Nimewasha gari nikaenda. Nikafika mpaka lango la mzee. Alikuwa nje, anaota jua ukutani, hana kofia. Nikakaa garini kidogo, nikageuza gari. Mimi! Niliyebishana na mabalozi watatu London mpaka wakaomba maji! Sijui ni nini. Labda breki.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika ndani ya gari. Injini nimeacha inanguruma.

Baraza lilijaa mpaka watu wakakaa nyuma ya ua wa magogo. Nimeita mikutano mitano hapa mwaka huu, sijapata hata robo yake. Thuso kaja na simu mbili za kupigia picha.

Kesi haikuchukua muda. Mzee akasimulia, hakuongeza chumvi. Chumvi ilikuwa tayari ya kutosha. Chifu akaniuliza: "Ulisema?" Nikasema: "Nilisema, Kgosi." Akasema sheria inampa faini tu kwa mtu wa umri wangu. Ng'ombe mmoja. Alitaka kuandika.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke: "Adabu hainunuliwi!"

Na baraza zima, wazee na meno yao mawili mawili, likaitika: "Inachapwa!"

Waliijua yote. Na mapumziko yake, na jinsi ninavyovuta neno la mwisho. Miaka kumi na minne ya hotuba, ndiyo pekee niliyowahi kuisikia ikirudi.

Chifu akanyoosha mkono, wakanyamaza. "Mheshimiwa, hawa si mahakama. Mahakama ni mimi. Lipa uende nyumbani." Alisema kwa upole kabisa! Angenicheka ningelipa. Nimlaumu yeye.

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba mfukoni, kurasa nne. Mdomo ukasema: "Nichapeni."

Mdomo huu ndio ulionipeleka Bungeni. Siku moja utanipeleka kaburini.

Kelele! Vigelegele! Chifu akasema hanilazimishi. Kama nimeomba mwenyewe niandike kwa mkono wangu, viboko vinne, na muuguzi anipime kwanza presha, bila hivyo hakuna anayechapwa barazani kwake. Nikaandika. Mwandiko mzuri, wa kimgodi.

Nikawekwa kwenye benchi kumsubiri muuguzi. Akaja kukaa karibu nami Tiro, fundi wa paa. Mwaka jana alichapwa hapa, mwaka wake wa thelathini na tisa, kwa kumtukana shemeji yake. Mimi nilikuwapo. Nilipiga makofi, na redioni nikasema hivyo ndivyo taifa linavyojengwa. Nikadhani kaja kulipiza. Akaniinamia sikioni: "Usikaze mwili, Mheshimiwa. Ukikaza inauma zaidi. Na usihesabu. Fikiria kitu kingine, mimi nilifikiria bati."

Nikamuuliza kama mgongo ulipona. Akasema mgongo ulipona wiki ileile.

Muuguzi Gaone akafika mikono mitupu. "Mashine ya presha ya zahanati imekufa tangu Krismasi," akasema mbele ya wote. "Nilimwandikia Mheshimiwa barua tatu. Alijibu moja. Aliandika: linashughulikiwa."

Watu wakalipokea kama kwaya: linashughulikiwaaa! Hata mzee Modisaotsile alicheka, nimemwona, na ubaya ni kwamba nilifurahi kumwona.

Mashine iliyo karibu iko hospitali ya barabara kuu, kilomita sitini. Gaone akapiga simu, wakasema ipo ya kuazima. Gari la wagonjwa? Limeinuliwa juu ya mawe tangu Aprili. Hilo nalo linashughulikiwa. Halafu macho yote, moja moja, yakaenda kwenye Hilux yangu nyeupe pale nje ya ua.

Thuso akasema: "Aende na askari. Asiposindikizwa atapotelea Gaborone huyo."

Mzee Modisaotsile akainuka kwa fimbo yake. Mara ya kwanza leo kunitazama usoni. "Aende peke yake," akasema. "Nilimjua baba yake."

Chifu akaniambia: "Nenda ukailete, Rra. Tutakungoja." Wakachochea moto. Kina mama wakaanza kusonga ugali wa mtama. Hawaonekani watu wa kuondoka.

Basi nimekwenda, nimeichukua. Muuguzi wa pale kanifunza kuitumia — unavisha mkono, unabonyeza kitufe, inajaa yenyewe. Nimesaini. Iko hapa kiti cha abiria, nimeifunga mkanda.

Nimesimama kwenye njia panda. Kulia lami, Gaborone, kamati ya fedha Jumatatu, na katibu kapiga mara sita. Kushoto vumbi, Sekgwaneng. Presha yangu ikiwa juu, muuguzi atakataa, na mimi nitarudi nyumbani mzima, shujaa, nimejitolea nikakataliwa na sayansi. Na kwa mambo ya leo itakosaje kuwa juu? Mtu wa nyama kama mimi! Nikavua koti. Nikajivisha kile kitambaa, nikabonyeza.

Mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita. Presha ya kijana.

Mashine nzuri mno. Haina hata mkwaruzo.

Nimejipima tena. Sawasawa na ya kwanza.

Najipima mkono wa kushoto.