Ijumaa Zaitun Alipobisha Hodi Kisugu

Ijumaa, jioni. Mvua imetunyeshea tangu asubuhi, na njia ya kwetu Kisugu imekuwa tope tupu. Nina hasira, lakini ile nzuri, inayomfanya mtu afanye kazi.

Shajara, wiki kadhaa sasa nagombana na kisanduku cha plastiki chenye taa za kijani. Kila mtu ananiambia niache.

Siachi.

Dada yangu Zaitun anafanya kazi za ndani Uarabuni. Binti yake, Mercy, ana miaka minne na anaishi hapa na mimi na Baba. Majina yasikushangaze. Baba ni Mwislamu wa West Nile, marehemu Mama alikuwa Mkatoliki, na kwetu majina yaligawanywa kwa zamu. Mimi ni Asumpta, na nilikulia kambi ya polisi alikokuwa Baba kazini, ambako wote tuliongea Kiswahili, ndiyo maana naandika kwa lugha hii hapa Kampala na anayetaka kunicheka anicheke.

Kule aliko Zaitun, simu za kupiga kwa mtandao zimezuiwa. Simu ya kawaida nayo inamaliza salio kabla hamjamaliza kusalimiana. Kwa hiyo anatuma sauti aliyojirekodi. Mwanzoni Mercy alikuwa anaibusu simu. Baadaye akaanza kuiuliza maswali, na sauti ya mama yake ikaendelea tu na maneno yake bila kumsikia. Mwezi uliopita niliposema, njoo umsikilize mama, akanitazama vizuri akasema, "Huyo si mama. Huyo ni redio." Akatoka kwenda kucheza.

Nilikaa jikoni nikalia. Sioni aibu kuliandika.

Shangazi, dada yake Baba, alinipa ushauri wake siku hiyo hiyo. "Wacha mutoto asahau. Yeye nasahau haraka, itamusaidia." Najua ana nia njema. Lakini mtoto ana mama yake, mzima, anayefua mashuka ya watu ili huyu aende shule. Nani amenipa ruhusa ya kumsahaulisha? Nilimwambia Shangazi hapana.

Basi nikaanza kazi. Nina kompyuta ya zamani iliyotolewa ofisini kwetu Kyambogo. Niliweka ndani yake programu ya kuongea, ili Zaitun aingie moja kwa moja nyumbani kwetu bila kupitia zile simu zilizozuiwa. Shida ni modemu, kile kisanduku chenye taa za kijani. Modemu inafanya kazi kama askari wa getini: mgeni wa nje akibisha inamfukuza, mpaka uiamrishe kwamba atakayebisha poti fulani, yaani mlango wenye namba yake, apelekwe kwenye kifaa fulani. Kila kifaa ndani ya nyumba kinapewa namba na modemu. Kompyuta ilikuwa na namba tano. Nikaandika amri: atakayebisha poti hii, apelekwe namba tano.

Nikajaribu kwa simu yangu hapo hapo sebuleni, ikakubali, nikacheza peke yangu. Ujinga mtupu. Simu ilikuwa kwenye waifai ya nyumbani, yaani nilikuwa nimeshaingia ndani kisha najisifu kwamba mlango unafunguka. Nilipojaribu kwa data, kama mtu aliye nje, kimya. Nikagundua kompyuta yenyewe ina ulinzi wake unaokataa wageni. Nikauamrisha uruhusu poti ile. Alhamisi moja mchana, nikiwa Kyambogo, sauti yangu ikatokea kwenye meza ya Baba, akaruka kwenye kiti.

Ijumaa ikafika. Zaitun anapata nafasi Ijumaa alasiri tu, mabosi wake wanapokwenda kwa wazazi wao. Akabisha. Hakuna kitu.

Jioni nikafuta amri zote, nikazima na kuwasha kila kitu, nikaandika upya. Ikakubali, bila mimi kujua kwa nini. Nikaipima kila siku, inafanya kazi kabisa. Ijumaa iliyofuata, imekufa tena. Mercy alikuwa amevaa headphones, mikono magotini. Alisubiri. Kisha akazivua mwenyewe na kuziweka mezani polepole, kama kitu cha watu.

Zaitun akaniandikia: "Wacha tu, Asumpta. Usimuumize mtoto."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Si naye. Na kila kitu kilichomfikisha dada yangu mahali pa kuandika maneno hayo.

Leo nimeomba ruhusa kazini nikabaki nyumbani. Asubuhi nikaipigia kampuni ya mtandao, nikaeleza kwamba anayebisha kutoka nje haingii. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu zake zote. "Nyabo," yaani bibi kwa Kiganda, "huduma hiyo si ya laini ya nyumbani. Lakini zima modemu, ngoja kidogo, washa, itakuwa sawa." Nikamshukuru. Sikuzima kitu.

Mchana, Baba akavaa kanzu, akachukua mwavuli wa kwenda msikitini. Kabla hajatoka, akapanda kwenye kigoda na kuteremsha swichi kuu. Nyumba nzima ikazimika.

Nikatazama taa za modemu zikizimika zote. Hii desturi naijua tangu utotoni! Kambini, jirani alikwenda swala ya Ijumaa akaacha pasi kwenye soketi wakati umeme haupo. Umeme ukarudi yeye akiwa bado anaswali, na vile vibanda vya bati vikaungua mpaka cha tatu. Tangu hapo Baba haendi msikitini bila kuzima umeme. Ila mimi Ijumaa mchana huwa kazini, narudi alasiri, na mambo ya nyumbani mtu ukiyazoea huyaoni tena.

Alivyorudi, akapandisha swichi. Modemu yetu ikizimika husahau namba ilizogawa, halafu huanza upya kumpa anayewahi. Kompyuta yangu ni mzee, inaamka kwa kujikokota. Simu ya Baba iko macho muda wote. Nikafungua ukurasa wa modemu nikatafuta namba tano.

Simu ya Baba.

Zile Ijumaa zote Zaitun amekuwa akibisha hodi kwenye mfuko wa kanzu ya baba yake.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamsihi Baba aache kuzima Ijumaa. Akanitazama kama mkubwa wa kituo. "Asumpta, mimi nafunga umeme kutoka wewe iko mutoto. Nyumba yangu iliungua? Hii modemu yako ndiyo itajifunza. Mimi, hapana."

Na ana haki yake. Sikuwa na hamu ya kumshinda mzee nyumbani kwake. Nikaifunza modemu: namba tano ni ya kompyuta peke yake, hata ichelewe vipi, asipewe mwingine. Kisha nikamwomba Baba azime nyumba yote tena. Alipanda kigoda kwa furaha ambayo sijaiona muda mrefu. Akawasha. Simu yake ikapewa namba nyingine. Kompyuta ikajikokota, ikaamka, ikakaa kwenye nafasi yake.

Alasiri, Mercy hakutaka headphones. Sikumsukuma. Baada ya muda akaja mwenyewe, nikamvalisha. Zaitun akabisha, na safari hii akaingia. "Mercy?" Mtoto akazishika headphones kwa mikono miwili. Halafu akauliza swali ambalo kila siku alikuwa anaiuliza ile simu bila kujibiwa.

"Nimekula nini leo?"

"Sijui, mama," Zaitun akasema. "Niambie."

Mercy akageuka kunitazama, macho yamemtoka. Redio haijawahi kumwambia sijui.

Akasimulia. Posho, yaani ugali wetu, maharage, jiwe lililokuwa kwenye maharage, Babu alivyolitema, paka wa jirani, kiatu kilichozama kwenye tope. Zaitun alikuwa analia na kuuliza, halafu? Mercy akamkemea, "Usilie, sikiliza." Baba alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anakung'uta mwavuli. Waliongea hivyo mpaka upande wa pili geti likasikika, Zaitun akanong'ona kwamba wamerudi, na laini ikakatika.

Kampuni inaweza kubadilisha mambo kesho. Huko aliko wanaweza kuzuia na hii. Je, nitakuwa na nguvu ya kuanza upya? Nitakuwa nayo. Nimeshasikia mtoto akimkemea mama yake, siwezi kurudi nyuma.

Sasa hivi naandika hapa mezani, na Mercy amekaa mbele yangu. Headphones ni kubwa kuliko kichwa chake. Nimemwambia mama amekwenda kazini, mpaka Ijumaa nyingine, azivue tukale. Amekataa.

Nami nimemletea sahani hapo hapo.