Mlango wa Pili wa Banda Lako

Kibaoni, Mpimbwe
Jumapili mchana

Kwako kaka yangu Mwandu,

Salamu zangu zikufikie huko Tabora, wewe na wifi Eufrazia na watoto wote. Natumaini kifua chako kimetulia tangu mvua zikatike. Sisi huku ni wazima. Mpunga umekubali, na ng'ombe wako wana afya, hata yule mwekundu mwenye pembe moja, ambaye kiburi chake hakijapungua.

Kaka, nakuandikia kuhusu lile banda lako la pale madukani. Najua uliniambia nikusimamie mpangaji tu, nisiguse kitu. Mpangaji mpya ni Callixte, kijana wa Katumba, mcheshi sana. Anaomba kibali banda liwe la gemu, na televisheni ameshazileta. Basi kijiji kikaitisha mkutano. Générose wa duka la vitenge alisema watoto watatoroka shule. Mwingine akasema vibaka watahamia pale. Callixte akamjibu kwamba vibaka hawatakaa, watafungwa magoli na watoto wadogo waondoke kwa aibu. Watu wakacheka.

Mimi nikasimama nikasema sina ugomvi na gemu. Lyamba wangu alizipenda. Unakumbuka alivyokuwa akishika kifuniko cha sufuria kama usukani, mdomo unanguruma mpaka uji unapoa. Nikasema shida yangu ni mlango. Banda lina mlango mmoja, madirisha yana nondo, na jirani yake Gratien anauza petroli ya chupa. Nikawakumbusha kwamba waya ulipowaka kwenye banda la video kule mjini Mpanda, mwanangu alikutwa pale pale mlangoni, chini ya wenzake.

Callixte alinijibu kwa upole kwamba milango ikiwa miwili, watoto watapitia wa nyuma bila kulipa. Mwenyekiti akasema msiba wangu wanauheshimu, lakini kijiji hakiwezi kuendeshwa kwa woga wa mama mmoja. Akaniambia niketi. Niliketi.

Asubuhi yake nilikwenda nikasimama mbele ya banda, nikapiga mwano. Wewe unaujua mwano wa kwetu: ukisikika tu, kila mtu anatoka na fimbo, na asiyetoka anatozwa faini. Hapa hata Wapimbwe na Warundi wameshauzoea. Walikuja sungusungu na kamanda wao Mzee Kija, wakaja wenye maduka, akaja mtu amenyolewa nusu kichwa, hata mwenyekiti akaja. Wakaniuliza mwizi yuko wapi. Nikasema yumo humo.

Wakaingia wote, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Wa mbele walipoona hakuna mtu wakageuka watoke, na wa nyuma bado wanasukuma waingie. Wakakwama. Humo gizani mmoja akapiga kelele kwamba amemkamata mwizi kwa kola, kumbe kola ilikuwa ya mwenyekiti. Nikamsikia mwenyekiti akiomba hewa.

Walipokwisha kutoka, wanahema, niliwaonyesha ule mlango. Nikawaambia mwizi ndiye huyu, na mimi alishaniibia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Hata hivyo Mzee Kija aliniita mayu, mama, kwa heshima kabisa, akasema mwano wa uongo una adhabu yake, nitoe mbuzi. Nimekataa. Nimemwambia mwano wangu haukuwa wa uongo. Ameonya kwamba naweza kutengwa, nisipewe moto wala maji na mtu yeyote. Nimemjibu kwamba kiberiti ninacho na kisima nakijua.

Sasa kaka, kaa vizuri usome. Ukuta wako wa nyuma nimeutoboa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu najua ungesema nisubiri. Fundi aliponiuliza mlango wa kuweka uko wapi, nilimpa mlango wa chumba cha Lyamba. Ni ule wenye alama za mkaa alizokuwa akijipimia urefu, na ile ya juu kabisa alidanganya, alisimama kwa ncha za vidole. Nilidhani sitaweza kuutazama ukitolewa nyumbani, lakini bawaba nilizishika mwenyewe. Unafungukia nje, na kufuli nimekataa lisiwekwe.

Callixte alinung'unika siku nzima, kisha akaenda kuweka kiti chake nyuma. Anasema kumbe huko kuna upepo. Mwenyekiti naye ametuma mtu kusema tundu lizibwe mpaka mwenye banda aseme neno. Mwenye banda ni wewe. Ukitaka lizibwe, usitume mtu wala usipige simu. Njoo na tofali lako mkononi, utanikuta nimekaa kwenye kizingiti.

Ukija, niletee na mbegu za karanga zile nyekundu, za huku zimeoza. Mwambie wifi kitenge chake nilikipokea na nimekivaa kanisani leo.

Ni mimi dada yako,
Monika, ambaye bado anaitwa mama Lyamba.