Fimbo ya Baba Kwenye Picha ya Moyale

Jumapili, alasiri. Upepo umebeba vumbi tangu tulipoingia mjini, na mabati ya jirani yanapiga kelele kama mtu anayetafuta ugomvi. Tumefika saa nane kutoka Moyale. Mgongo unaniuma, shati linanuka ubani na kahawa, nami nimejifungia chumbani nikijifanya nimelala.

Sijalala. Nina mpaka kesho saa sita mchana kujibu barua moja, na sijui nitaijibuje.

Lakini nianze na furaha, kwa sababu ilikuwepo, na nisipoiandika nitakuwa mwongo.

Mama alitoka eda mwezi uliopita. Miezi minne na siku kumi baada ya Baba kufariki alikaa ndani, katika nyumba yetu hapa Burat, Isiolo. Hakwenda sokoni, hakwenda harusi ya binti wa jirani, jua alilipata uani tu. Siku zilipotimia, dada yangu Talaso, ambaye ni nesi Nairobi, akamuuliza anataka zawadi gani. Tulidhani atataka leso au redio. Akasema anataka kuona Ethiopia. Ana miaka sitini na nane, na ng'ambo ile aliijua kwa maneno ya Baba tu, aliyekuwa akipeleka ng'ombe Moyale na kurudi na hadithi.

Basi Ijumaa niliazima gari la rafiki yangu. Mama akakaa mbele, Talaso na wanawe wawili nyuma, mimi usukani. Tukalala kwa binamu yake Mama upande wa Kenya, na jana asubuhi tukavuka mpaka kwa miguu. Mama alikuwa ameshika fimbo ya Baba. Sikushangaa. Goti lake la kushoto siku hizi halina adabu, nikadhani ni ya kutembelea.

Kuhusu ile barua: nimetengeneza pampu za visima kwa miaka tisa, kuanzia Ngaremara hadi Leparua. Sasa kampuni moja inanitaka Zambia kwa miaka miwili, kufunga pampu na kuwafundisha mafundi wa huko. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naijua kama Fatiha. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuwapungia wengine mkono. Talaso alipoenda kusoma, nilibaki na mbuzi. Baba alipougua, nilibaki na Baba. Sikuwahi kulalamika. Nalalamika leo, hapa kwenye daftari, ambapo Mama hasomi.

Mpango wangu ulikuwa kuwaambia huko huko Moyale, tukiwa tumeshiba na kila mtu anacheka.

Na kweli tulicheka. Ng'ambo magari hupita kulia, na Mama alisimama kando ya barabara akitazama upande usiofaa, akiwalaumu madereva wote kwamba wamelewa asubuhi. Tulipanda bajaji ya buluu, tukazunguka mji mzima, tukapanda tena kwa sababu watoto walilia. Hotelini tuliletewa anjera, ule mkate mpana laini wa Kihabeshi. Hata kwetu Isiolo tunaila, lakini ile ilifunika sinia lote na kuning'inia pembeni. Talaso akaipiga picha kutoka juu, kutoka ubavuni, akamwambia Mama ainyooshee mkono bila kula. Mama akavumilia, kisha akasema kwa Kiborana kwamba amekuwa mjane, hajawa sanamu, aachwe ale. Hata mhudumu alicheka.

Halafu ikaja kahawa.

Mwanamke mmoja alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga buni mbele yetu, akawasha ubani. Akatueleza kwamba kahawa hiyo hunywewa mara tatu, na ya tatu ndiyo ya baraka. Anayeinuka kabla yake ameacha baraka kikombeni. Nikapiga hesabu. Nina vikombe vitatu vya kusemea.

Kikombe cha kwanza, Talaso akanitangulia. Akamwambia Mama kwamba Nairobi sasa analala vizuri, maana anajua Guyo, yaani mimi, yuko nyumbani. Nikameza kahawa na maneno yangu pamoja.

Kikombe cha pili, Mama akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Wakati wa eda, kila magharibi alikuwa anakaa karibu na dirisha kungoja mlio wa pikipiki yangu. Kabla hajausikia, hata maji hayakumpita kooni. Alisema akitazama kikombe, si mimi. Mimi jioni nyingine nilikuwa nachelewa makusudi, nikizurura mjini, kwa sababu nyumba ile ilikuwa nzito. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kikombe cha tatu akainua viganja na kuniombea kwa jina. Guyo akae. Guyo aoe, Guyo azae. Guyo asimame pale baba yake alipotoka.

Nikaitikia amin, tena kwa sauti. Mnafiki mimi.

Tungeishia hapo labda ningepata ujasiri njiani. Lakini kwenye bustani ya hoteli kulikuwa na mpiga picha, kijana wa Kiborana mwenye kamera kubwa shingoni, na Talaso akataka picha moja ya heshima. Yule kijana akaweka kiti katikati, akauliza mwenye familia ni nani aje akae.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuuliza.

Nilidhani Mama atakaa. Goti linauma, na safari ni yake. Badala yake akanisukuma begani nikakaa mimi, akasimama kando yangu, akaninyooshea fimbo ya Baba. Ndipo nikajua haikuja Moyale kwa ajili ya goti. Kwetu fimbo ya mzee aliyefariki haichukuliwi kama mwavuli uliosahauliwa. Anayeipokea mbele ya watu ameitika kushika nafasi yake.

"Shika, Guyo, jua inamchoma Mama," akasema Talaso.

Mpiga picha alikuwa ameshaanza kuhesabu hadi tatu kwa Kiborana. Tokko, lama. Kabla hajafika sadi nilikuwa nimeishika.

Nusu saa baadaye picha ilikuwa kwenye kikundi cha familia, na chini yake Talaso ameandika: Mwenye boma. Leo, kutoka Moyale hadi Isiolo, simu haikunyamaza. Mjomba aliyeko Kinna alituma ujumbe wa sauti, na watoto wakaucheza mara mbili ili Mama asikie vizuri.

"Guyo, tumeona picha. Wallahi roho imetulia. Sasa boma iko na mwenyewe."

Mama alitabasamu kwenye kioo cha dirisha. Nilimwona. Nikabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Mama ametoka eda. Mimi nimeingia.

Kinachoniumiza ni kwamba hakuna aliyenikosea. Angekuwepo mbaya wangu ningejua wa kugombana naye. Hawa wananipenda, na kila mmoja amenifunga kwa upande wake bila kujua kwamba mwenzake pia anafunga. Namwonea Mama wivu, Mungu anisamehe. Eda yake ilikuwa na hesabu. Kila Ijumaa alituambia zimebaki siku ngapi. Yangu nani ataihesabu?

Sasa hivi nimeifungua ile picha tena, kwa mara ya kumi leo. Nilitaka kuutazama uso wangu, nione kama hofu inaonekana. Haionekani. Naonekana kama Baba, na hilo pia limenitisha kidogo. Nikaivuta picha iwe kubwa, nikashuka hadi kwenye mkono wangu ulioshika fimbo.

Chini ya mkono wangu kuna mkono wa Mama.

Hakuiachia. Nilikuwa na haraka ya kuogopa, sikugundua. Ameishika kwa nguvu, mishipa imesimama, na jicho lake haliko kwenye kamera. Ananitazama mimi, jinsi mtu anavyotazama mlango. Nimekaa na picha hiyo muda mrefu. Siku zote mbili nimekuwa nikidhani ananitwika mzigo wa Baba. Huenda alikuwa anatafuta tu kitu cha kunishikia.

Sijui kama hilo linafanya iwe rahisi au ngumu zaidi. Nafikiri ni ngumu zaidi. Lakini mtu anayeogopa kuachwa unaweza kuzungumza naye. Unaweza kumwambia miaka miwili ina siku ya kuisha, kama eda, na kwamba kila magharibi simu italia badala ya pikipiki. Unaweza hata kumwachia kalenda ahesabu, maana kwa kuhesabu hakuna anayemshinda. Anaweza kukataa. Akikataa nitabaki, lakini nitabaki nikiwa nimesema.

Nikaamua kwamba kesho, baada ya swala ya alfajiri, nitamrudishia fimbo kabla ya kufungua mdomo. Nikainuka kuitafuta. Sikuiona garini, sikuiona sebuleni, na sikukumbuka nimeiweka wapi tulipofika na mizigo.

Iko nyuma ya mlango wa mbele, kwenye msumari ambapo Baba alikuwa akiitundika. Ni mimi niliyeitundika, sasa nakumbuka. Hakuna aliyeniambia.

Nimeitoa. Iko hapa kitandani, karibu na simu yenye barua. Uani namsikia Mama akikung'uta vumbi la safari kwenye viatu vya watu wote, vyangu vikiwemo. Kesho ataketi jikoni na chai ya maziwa kama kawaida, nami nitaingia na fimbo mkononi.

Nitatoka nayo?