Jasho Halifungi Goli

Jumatatu, 9 Juni
Nimefagia banda, nimefuta pedi za gemu, nimefungua. Wateja walewale, mafundi wa gereji jirani, wanabishana kabla TV haijawaka. Mchana mdogo wangu Shabani karudi kutoka Kariakoo na mashine mpya ya gemu. Katika zile zetu mbili za zamani, moja kaibadilisha huko kwa kuongezea hela. Hajaniuliza. Banda ni letu sote. Nimekasirika.

Jumanne, 10 Juni
Wote wamejazana kwenye mpya. Nimeicheza na mimi, nisije nikaambiwa nina wivu. Nzuri, sikatai. Nyasi zinapepea, jasho la wachezaji unaliona usoni. Lakini mpira mzito, kama unachezea matopeni. Kila goli marudio kibao, na foleni inasubiri. Jasho halifungi goli.

Alhamisi, 12 Juni
Shabani anataka kuuza na hii iliyobaki. "Dada, dunia inaenda mbele, wewe umeganda."
Haiuzwi. Humo mna timu ya mtaa wetu, Buguruni, nimeitengeneza mwenyewe. Kila mteja ana jina lake mgongoni. Mzee muuza kahawa ni kipa. Shabani ni namba tisa. Mashine ikienda, timu imeenda. Tumekubaliana: Jumapili tuangalie watu wako kwenye mashine ipi, ndipo tuamue.
Jioni, kwa hasira, nimemfuta Shabani kwenye timu. Sijutii.

Ijumaa, 13 Juni
Mpya imejaa. Kwangu wawili tu. Roho inauma. Siuzi.

Jumamosi, 14 Juni
Mafundi wawili wamebishana nani mkali. Kwenye mpya hawamo, wamo mastaa wa Ulaya tu. Wakahamia ya zamani, kila mtu akajichezesha mwenyewe. Watu wakawafuata. Sheria ya banda ileile: ukifungwa, unapisha. Mzee wa kahawa kadaka penalti, yaani yule wa kwenye TV, na mwenyewe kaacha birika nje akaingia kushangilia. Kelele mpaka barabarani. Mpya ilibaki inawaka peke yake, nyasi zake zinapepea.

Jumapili, 15 Juni
Nimechelewa kufika. Nimemkuta Shabani kakaa mbele ya ile ya zamani, pedi mkononi, anapekua timu ya Buguruni. Juu mpaka chini, anarudi tena juu. Anajitafuta. Nikakaa pembeni yake, nikachukua pedi, nikaliandika jina lake upya.
Benchi, kwanza.